Macho mekundu na ubao usiosomeka: ugonjwa unaoitwa keratokone



Katika gazeti letu tumekwisha kusoma juu ya malaria, juu ya kipindupindu na juu ya meno. Mara hii naomba ukurasa kwa ajili ya macho. Nina sababu yangu, na heri niitoe mwanzoni kabisa, juu ni kosa langu mwenyewe.

Mwaka wa masomo uliopita tulikuwa na kijana mmoja wa internat, mwenye miaka 15. Jina lake sitalitaja, ijapokuwa yeye mwenyewe ameniruhusu kusimulia habari hii. Kila asubuhi aliingia darasani na macho mekundu sawa pilipili. Alikaa nyuma, akakunja uso, akakopi mambo kombo. Kwenye ubao niliandika 8, katika kaye yake ilikuwa 3. Enterogasyo mbili zikafuatana, zote sifuri. Basi nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwuliza bangi anainunua kwa nani. Akajibu: "Mi sivutake bangi, Mwalimu. Macho njo inaniwasha." Sikuamini. Nilipeleka jina lake kwa Direkta wa nidhamu, akarudishwa kwao siku 3.

Siku ya 4 alirudi pamoja na baba yake. Mzee hakugombana nami. Alisema neno moja tu: "Mwalimu, huyu mutoto hata kwetu nyumbani anamwanga chai pembeni ya kikombe." Hapo nikaanza kufikiri. Bangi haimwangi chai ya mtu pembeni ya kikombe kila siku, miezi 6 mfululizo. Mwuguzi wetu alimpima kwa karatasi ya herufi, akatikisa kichwa, akaandika barua ya kumpeleka kwa munganga wa macho. Huko ndiko tulikosikia hilo neno keratokone kwa mara ya kwanza, baba yake na mimi pia, mimi ninayefundisha biolojia.

KIOO CHA MBELE

Tuanze na jicho lenyewe. Mbele kabisa, juu ya sehemu nyeusi na ya rangi, kuna ngozi moja inayoangaza, isiyo na rangi hata kidogo. Ni sawa kioo kinachofunika mishale ya saa. Jina lake kornea. Upana wake ni kama milimita 11 ao 12, na unene wake katikati ni kama nusu ya milimita tu. Haina mishipa ya damu ndani yake, njo maana mwanga unapita bila kizuizi. Hewa yake inaipata kutoka machozi.

Wengi wetu tulijifunza ya kwamba kazi ya kukunja mwanga ni ya lenzi iliyo ndani ya jicho. Ni kweli nusu nusu. Sehemu kubwa, karibu theluthi mbili, inafanywa na kornea. Kornea ikiwa na umbo zuri la mviringo, mwanga wote unakutana fasi moja kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, na mtu anaona wazi. Ikiharibika umbo lake, basi picha nayo inaharibika, hata kama mambo mengine yote ya jicho ni mazima.

Katika keratokone, kornea inakuwa nyembamba na laini katikati ao chini kidogo ya katikati. Jicho lina maji ndani yanayosukuma kutoka ndani. Fasi ile iliyolegea inasukumwa, inatokeza mbele, na ule mviringo unageuka ncha. Hata jina linasema hivyo: ni maneno mawili ya Kiyunani, pembe na pia. Munganga John Nottingham wa Liverpool, huko Uingereza, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1854, kwa hiyo si ugonjwa wa juzi.

Chukua kijiko kipya, kitazame mgongo wake. Uso wako unaonekana, lakini pua imevimba na masikio yamekimbia. Uso wako haukubadilika, ni kijiko kilichoupinda. Kijana mwenye keratokone anaitazama dunia nzima kupitia kitu cha namna ile.

Tena ugonjwa huu unapenda vijana. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 10 na 20, ndiyo kusema katika miaka ile ile ya masomo, unaendelea polepole ao kwa haraka, halafu kwa kawaida unatulia mtu akifika miaka 30 na zaidi, pengine 40. Ukianza mapema sana, unaenda mbio zaidi. Karibu sikuzote unashika macho yote mawili, lakini moja linatangulia. Hii njo inadanganya watu: jicho zuri linafanya kazi ya yote mawili, na mwenyewe hajui ya kwamba lile lingine limeharibika.

ANAONA NAMNA GANI?

Nilimwuliza kijana wetu anieleze. Alisema herufi moja kwenye ubao inakuwa na wadogo zake: mstari mmoja wazi, na chini yake kivuli cha mstari, na pengine kivuli cha tatu. Akifunga jicho moja, vile vivuli vinabaki. Usiku, taa ya kapela ina mikia mirefu, na taa ya pikipiki inayokuja inapasuka sawa jua. Jua lenyewe la saa sita linamchoma. Kitabu cha nyimbo alikuwa haangalii tena, alikwisha kushika nyimbo zote kwa kichwa. Sisi tulimsifu kwa ajili ya hayo!

Alama nyingine ni miwani isiyodumu. Wazazi wananunua miwani, kisha miezi 6 mtoto anasema haifai. Wananunua nyingine, tena haifai. Hapo baba anakasirika na kusema mtoto anachezea feza. Ndugu wazazi, ikiwa karatasi mtu anayopewa na munganga wa macho inabadilika namba mbio mbio, hasa namba za kile wanachoita astigmatisme, hiyo peke yake ni sababu ya kuuliza juu ya kornea.

Kuna kipimo kimoja cha maskini ambacho kila mmoja anaweza kufanya. Toboa karatasi ngumu kwa sindano, tundu moja dogo. Funika jicho moja, tazama ubao kupitia lile tundu. Ikiwa herufi zinakuwa wazi zaidi, maana yake shida iko katika kukunja mwanga, na inafaa kutafuta miwani ao dawa ya kornea. Kipimo hiki hakisemi ni keratokone. Kinasema tu: nenda kapimwe.

Kwa kuhakikisha, munganga wa macho anatumia mashine inayochora kornea sawa ramani ya mlima, yenye rangi, ili kuonyesha fasi iliyoinuka na fasi nyembamba. Si kila hospitali inayo. Pasipo mashine hiyo, munganga mwenye uzoefu anaweza kuona alama kwa taa yake, hasa ugonjwa ukiisha kwenda mbali. Kuna moja ambayo hata sisi tunaweza kuiona: mgonjwa akitazama chini, ukope wa chini unasukumwa na ile ncha, unafanya kama herufi V.

WEKUNDU UNATOKA WAPI?

Hapa naomba msome polepole, kwani hata mimi nilichanganyikiwa. Keratokone peke yake haifanyi jicho kuwa jekundu. Kornea inapinda kimya kimya, bila maumivu. Basi wekundu wa kijana wetu ulitoka wapi?

Ulitoka katika ugonjwa wa pili uliomshika mkono wa kwanza. Ni ule mwasho wa macho wa watoto na vijana, ambao wanganga wa nchi za Afrika zinazosema Kifaransa wameupa jina refu kabisa, limbo-konjonktiviti ya tropiki. Ni aina ya alerji. Vumbi, moshi, maua, jua kali na joto vinauamsha. Macho yanawasha sana, yanatoa machozi, yanatoa uchafu mweupe unaovutika sawa uzi, yanakimbia mwanga. Kwa watu weusi tunaona mara nyingi kando ya kornea pamevimba na pamekuwa na rangi ya kahawia, kama doa la chai. Mara nyingi unaanza mtoto akiwa mdogo, unarudi rudi kila mwaka, na wengi wao unawaacha wakishapita ujana.

Sasa, macho yakiwasha, mtu anafanya nini? Anafikicha. Anafikicha kwa ngumi, kwa mgongo wa kidole, kwa mkono wa shati. Kusema kweli inampendeza, juu mwasho unatulia kidogo, kisha unarudi na nguvu zaidi. Na kule kufikicha, mwaka baada ya mwaka, kunasukuma na kulegeza ile ngozi ya nusu milimita. Wanganga wamekubaliana ya kwamba kufikicha macho ni kati ya mambo makubwa yanayosukuma keratokone mbele. Kuna pia urithi wa jamaa: mtu mwenye ndugu wa tumbo moja aliye na keratokone, ni vizuri naye apimwe, hata kama haoni shida. Lakini urithi hatuwezi kuubadilisha. Mkono, tunaweza.

Kijana wetu alilala pia na uso juu ya ngumi yake, jicho la kuume chini. Jicho la kuume njo lililoharibika zaidi. Siwezi kusema hii ndiyo sababu, lakini munganga alimwambia alale chali ao kwa upande bila kukandamiza jicho, na sirveya wa dortwari akapewa kazi ya kumgeuza.

Si kila wekundu ni huu. Macho yakiamka yamegandishwa na usaha, na wenzake wawili watatu katika dortwari nao wanaanza, hiyo ni ambukizo. Hiyo inapitishwa kwa mikono, kwa taulo na kwa mito ya kulalia, nayo inatibiwa kwa njia nyingine. Wekundu wa jicho moja tu wenye maumivu makali na kuona kupungua, huo si wa kungojea. Nitaurudia chini.

KUTULIZA MWASHO

Jambo la kwanza ni baridi. Chovya kitambaa safi katika maji safi ya baridi, kamua, weka juu ya kope zilizofungwa dakika 5 hivi. Mwasho unapungua kweli, na mkono unapata kazi nyingine. Nawa uso na mikono ukitoka kufagia, kucheza mpira ao kulima. Kitambaa kiwe chako peke yako. Wakati wa kiangazi, vumbi linapokuwa jingi, mwagia maji sakafu kabla ya kufagia darasa. Kijana mwenye macho haya asipewe kazi ya kuwasha moto wa jikoni, wala ya kupangusa ubao. Kofia inasaidia juu ya jua. Najua kanuni ya uniforme yetu inakataza kofia, lakini Bwana Prefe amekwisha kukubali ya kwamba mwenye barua ya munganga aivae uwanjani.

Jambo la pili ni dawa za matone, zile tunazoita kolire. Kuna zile za alerji, kama kromoglikate na olopatadine. Kromoglikate haitulizi pale pale. Inataka kutiwa kila siku, mara 4 hivi, majuma kadhaa, ndipo kazi yake ionekane. Wanafunzi wengi wanaitia siku mbili, wanasema haina nguvu, wanaitupa. Machozi ya kutengenezwa nayo yanasaidia kuosha vumbi. Mwambieni munganga achague, juu yeye ameona ndani ya jicho.

Jambo la tatu ni la kukataza, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Sokoni, na hata katika farmasi fulani, wanauza kachupa kadogo kanakofanya jicho kuwa jeupe kwa saa chache tu. Mwasho unakufa, wekundu unakufa, watu wanafurahi, wanapitishiana kutoka kitanda hata kitanda. Tazameni karatasi yake. Mkiona neno linaloanza na herufi DEXA ao BETA, ao neno predinizolone, mjue ni dawa ya jamaa ya kortizone. Katika mkono wa munganga ni dawa njema, pengine ni ya lazima kabisa kwa alerji kali. Lakini yeye anaitoa kwa siku alizohesabu, na anapima nguvu ya maji ndani ya jicho. Ukiitia mwenyewe mwezi kwa mwezi, nguvu hiyo inaweza kupanda bila wewe kusikia maumivu, na mshipa wa kuona unakufa. Huo ndio glokoma, na sehemu iliyokufa hairudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho, na kuacha mlango wazi kwa vijidudu. Kijana wetu alikuwa nayo moja mfukoni. Alipewa na rafiki, kwa nia njema.

Kuna pia yale matone mengine ya kufanya jicho kuwa jeupe kwa kukaza mishipa ya damu. Hayo yakizoewa, wekundu unarudi mkubwa kuliko mwanzo.

Na maji ya majani, na mkojo, na maziwa ya mama anayenyonyesha? Nimeulizwa hayo yote darasani, na sicheki mtu, kwani hata kwetu kijijini tulitiwa. Lakini mkojo na majani vinaingiza vijidudu katika kornea, pengine vinaichoma, na kovu jeupe la kornea ni mambo ya maisha yote. Usitie kitu jichoni ambacho hakikutengenezwa kwa jicho.

Karoti na mafuta ya mawese ni vyakula vizuri. Vinazuia ugonjwa mwingine wa macho, ule wa kukosa vitamini A. Kornea iliyopinda havinyooshi.

KUONA TENA

Mwanzoni miwani inatosha. Ncha ikiisha kuwa kubwa, miwani haiwezi tena, juu umbo la kornea halina mpango. Hapo dawa yake ni lenti ngumu, yaani kioo kidogo kinachowekwa juu ya jicho lenyewe. Machozi yanajaza nafasi kati ya lenti na kornea, na mwanga unapata uso mpya ulio laini. Mambo haya ni ya zamani kuliko tunavyodhani: mwaka 1888 Adolf Fick wa Zürich na Eugène Kalt wa Paris walikuwa wakijaribu vifuniko vya kioo juu ya macho ya wagonjwa. Siku hizi ni plastiki inayopitisha hewa. Kuna pia zile kubwa zinazokaa juu ya sehemu nyeupe ya jicho, nazo hazigusi ile ncha.

Ajabu ya lenti ngumu ni kubwa: mtu aliyekuwa hasomi ubao anasoma hata tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Lakini ni bei kali, na inataka usafi ambao dortwari yetu inaushinda kwa shida. Mikono inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa. Lenti inaoshwa na kulazwa katika maji yake ya farmasi, hapana maji ya bomba, hapana ya kisima, na hata siku moja hapana mate. Katika maji ya kawaida kuna kadudu kanakoitwa akantameba kanakoweza kula kornea. Usiku lenti inatolewa. Jicho lenye lenti likiwa jekundu na kuuma, toa lenti mara hiyo, usiirudishe, nenda kwa munganga siku ile ile.

Zingatieni jambo moja: miwani na lenti zinasaidia kuona, hazizuii ugonjwa kuendelea. Kinachozuia ni kitu kingine, na hapa sayansi imetupa furaha kubwa. Katika mji wa Dresden, huko Ujerumani, Theo Seiler na wenzake walitafuta namna ya kuikaza kornea iliyolegea, na mwaka 2003 wakatoa habari ya wagonjwa wao wa kwanza. Kazi yenyewe ni hii. Wanatia matone ya kufisha ganzi, wanaondoa ngozi ya juu kabisa ya kornea, wanatonesha vitamini B2 yenye rangi ya manjano karibu nusu saa, kisha wanaangaza taa ya miali ya ultravioleti kwa nusu saa nyingine. Vitamini na mwanga pamoja vinafunga nyuzi za kornea zishikamane zaidi, sawa fundi anayeongeza kamba za kukaza nguzo za boma. Marekani iliikubali rasmi mwaka 2016. Siku chache za kwanza kuna maumivu na machozi, kisha jicho linapona.

Mtu aliniuliza: basi nikile vitamini B2 na kutazama jua, si ni mamoja? Hapana kabisa! Kutazama jua kunachoma ukuta wa nyuma wa jicho. Na vitamini ya kumeza haifanyi ile kazi.

Tiba hii haikusudiwi kurudisha macho ya zamani. Inasimamisha ugonjwa fasi ulipofika, kwa wagonjwa wengi. Njo maana saa ya kuifanya ni mapema, kornea ingali na unene. Kwa namna ile ya kwanza ya Dresden, kornea ikishuka chini ya sehemu 400 za elfu moja ya milimita, inakuwa hatari kwa sehemu za ndani. Kwa kijana wa miaka 15, kungoja mwaka mzima "tuone" kunaweza kumpotezea nafasi. Na alerji itulizwe pia, kwani akiendelea kufikicha, kazi itaharibika.

Wachache wanafika kwenye hatua ya kupandikizwa kornea ya mtu aliyekufa. Eduard Zirm aliifanya kwanza na kufaulu tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olmütz, leo Olomouc ya nchi ya Cheki, kwa mfanyakazi mmoja ambaye macho yake yalichomwa na chokaa. Jicho moja lilipona. Kornea inapandikizwa kwa urahisi kuliko viungo vingine, juu haina damu, lakini mtu anabaki na matone na kupimwa miaka mingi.

Wapi kuuliza? Kwa upande wa Kinshasa, hospitali Saint Joseph ya Limete inajulikana kwa macho. Kwa sisi wa mashariki, watu wanavuka hata Kabgayi katika Rwanda, ao Ruharo, huko Mbarara katika Uganda, zote hospitali za makanisa. Kabla ya kuuza mbuzi na kupanda gari, mwuguzi apige simu aulize kama wana mashine ya kuchora kornea, na kama ile taa ya vitamini iko. Safari ya bure imeumiza jamaa nyingi.

MAMBO YASIYONGOJA

Pengine kornea iliyonyooka sana inapasuka kwa ndani, maji yanaingia, na kwa saa chache jicho linakuwa jeupe kama maziwa, linauma, linatoa machozi, halioni. Watu wanasema amelogwa, kwani jana alikuwa mzima. Si uchawi. Kwa kawaida linatulia lenyewe kwa majuma ao miezi, na kovu linaweza kubaki, lakini munganga lazima alione upesi na kutoa dawa zake. Usilifunge kwa kitambaa ukakaa. Ni hivyo hivyo kwa jicho lolote lenye maumivu makali, doa jeupe juu ya kornea, ao kuona kulikopungua kwa ghafula.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mnaweza kukaa benchi moja, kula sahani moja. Na mara chache sana unamfanya mtu kuwa kipofu kabisa. Unamfanya mtu kuona vibaya sana, na kuona vibaya bila mtu kujua.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Mwanafunzi huyu akae mbele, fasi ambapo dirisha halimpigi machoni. Soma kwa sauti kile unachoandika. Haikuchelewesshi, na nimeona wengine wote wanakopi vizuri zaidi. Siku ya egzamen, usimpe ile kopi ya mwisho yenye wino uliofifia. Na akiandika 3 pahali pa 8, mwulize kwa mdomo kabla ya kumkata pointi.

Kijana wetu yuko mwaka wa pili wa humanite sasa. Jicho la kushoto lilipata ile tiba ya vitamini wakati wa likizo kubwa, kwa feza ya baba yake, ya mjomba wake na ya mchango wa internat. La kuume lilikuwa limekwisha kuwa jembamba mno, linangoja lenti. Mbele ya darasa lile lile nilimwomba msamaha. Alisema: "Hakuna shida, Mwalimu," na wenzake wakacheka, kwani alikuwa anatazama karibu na mimi, si mimi.

Karatasi ya herufi imetundikwa kwenye ukuta wa dispansere, na alama ya metre 6 imechorwa kwa chaki nyeupe sakafuni. Mwuguzi anapima siku ya Jumatano baada ya masomo. Funikeni jicho moja, kisha lingine, bila kulikandamiza. Msipimwe macho mawili pamoja. Wenye miwani waje nayo, na wenye kachupa mfukoni waje nako pia, hakuna atakayeandikwa jina.

Mwalimu wenu wa biolojia